Uzi: Mwalimu wa jimu akikuvunja moyo au akikupa ushauri wa kuumiza, umjibu nini na ufanye nini

Nondo25

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Uzi huu ni wa wale wanaoanza tizi wakakutana na mwalimu anayewavunja moyo, au anayewapa ushauri wa kuumiza kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Jimu sasa zipo kila upande wa Zanzibar, Jang'ombe, Kikwajuni, Mwanakwerekwe mpaka Wete na Chake, na anayesimamia mara nyingi ni kijana aliyejenga mwili wake kwa kuangalia wenzake. Mwili wake unaonesha kwamba tizi lake limemfaa yeye. Goti lako, presha yako na umri wako hajavisoma popote.

Muulize masuala manne: kwa nini zoezi hili, uzito gani, seti (mizunguko) na marudio mangapi, na wiki ijayo kinaongezeka nini. Anayejua, tuseme kwa skwati (kuchutama na kusimama), hujibu kwa namba: "Skwati kilo 20, seti 3 za marudio 8, pumzika dakika 2. Ukimaliza zote ukawa bado unaweza mawili zaidi, mara ijayo tunaweka kilo 22 na nusu." Anayejibu "we piga tu mpaka uchoke" hana mpango. Usibishane naye. Chukua daftari uandike mwenyewe tarehe, zoezi, uzito, marudio ya kila seti, na ungeweza mangapi zaidi. Akikwambia "wewe huna mwili wa mazoezi" wakati daftari linaonesha umetoka kilo 20 ukafika 40 kwa wiki nane, kauli yake haina pa kusimama.

Nianze na kauli inayowatia hofu wengi: "Goti lisipite vidole vya mguu."

Goti hupita vidole kila unaposhuka ngazi na kila unapochutama. Ukilizuia kwa nguvu kwenye skwati, kiwiliwili kinalazimika kulala mbele ili usianguke kinyumenyume. Goti linapunguziwa mzigo kidogo, lakini nyonga na mgongo wa chini vinaongezewa mzigo mwingi. Ndiyo maana mtu anafuata amri hii wiki tatu kisha analalamikia kiuno. Angalia mambo mawili tu: kisigino kisinyanyuke, na goti lielekee upande wa kidole cha pili na cha tatu bila kuingia ndani.

Kisigino kikinyanyuka, pima kifundo cha mguu. Simama bila viatu mbele ya ukuta, kidole gumba kikiwa sentimita 10 kutoka ukutani, peleka goti liguse ukuta kisigino kikiwa chini. Lisipofika, weka ubao wa sentimita 2 chini ya visigino unapopiga skwati, na zoezi hilohilo la ukutani lifanye mara 15 kila mguu kila siku. Anayeanza kabisa atumie kiti cha sentimita 45: akae, asimame bila kujisukuma kwa mikono, seti 3 za 8. Akifika 3 za 12 bila tabu, ashushe mpaka sentimita 35, ndipo ashike mzigo.

Karibuni muongeze.

BintiMwani

Waalaykum salaam. Ahsante kaka Nondo25. Mie nichukue upande wa wanawake, maana huko ndiko kukatishwa tamaa kunakozidi.

Kauli ni ileile: "Dada, usinyanyue vizito, utakuwa na mwili wa dume." Anapewa dambeli za kilo 2 anazungusha mikono miezi sita. Mwanamke ana testosteroni chache sana ukilinganisha na mwanamme, tofauti ni mara kumi na zaidi. Misuli yake inakaza na nguvu inapanda, lakini ule ukubwa wa kutisha hauji kwa bahati mbaya. Hata wanaume wanaoutafuta kwa makusudi huchukua miaka. Halafu tutazame maisha yenyewe: ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20 bila ya ndoo, na kina mama wa Paje na Jambiani wanatoka baharini na mizigo ya mwani mbichi. Mtu huyo huyo akifika jimu anaambiwa kilo 2 zinamtosha?

Anza hivi. Skwati umekumbatia mzigo kifuani, kilo 8 hadi 10, seti 3 za 10. Dedilifti (kunyanyua chuma kutoka chini mpaka usimame wima) kilo 20 hadi 25, seti 3 za 8. Kuvuta dambeli kuelekea kiunoni huku mkono mwengine umeegemea benchi, kilo 6 hadi 8, seti 3 za 10 kila upande. Pushapu kwenye ukuta, kisha kwenye meza, kisha chini. Siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumamosi, Jumatatu na Jumatano. Marudio yote yakienda vizuri mara mbili mfululizo, ongeza kilo 2 hadi 2 na nusu. Kwa mama aliyekaribia au kuvuka ukomo wa hedhi jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu hapo mifupa hupungua kwa kasi na kunyanyua mizigo ni katika vitu vinavyoipunguzia kasi hiyo. Kumwambia mama wa miaka 55 "wewe tembea tu, bibi" ni kumnyima nusu ya dawa.

Suala la kushikwa. Kama hutaki mwalimu wa kiume akurekebishe kwa mkono, na una haki kamili ya kutotaka, chukua mti wa ufagio. Uweke mgongoni wima uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa ulio juu kidogo ya makalio. Inama kwa kusukuma nyonga nyuma. Sehemu moja ikiachana na mti, mgongo umepinda. Mti unakusahihisha wenyewe, yeye anaangalia kwa mbali tu. Mwambie hivi: "Mwalimu, nashukuru kwa kunihofia. Naomba unitazamie mgongo nikinyanyua hizi kilo 20, usinishike, niambie kwa maneno." Kauli ina adabu, na anabakia na kazi ya kufanya.

La nguo: buibui refu liwe mbali na mashine ya kukimbilia na beskeli. Suruali pana na kanzu inayofika magotini inatosha sitara. Hijabu iwe ya kuvaa bila pini, kwa sababu chuma kikikaa mabegani pini inaingia shingoni.

MtuWaChake

Nina suala. Huku Pemba kuna mtindo wa kumfunga mtu nailoni tumboni, juu yake sweta, kisha anakimbizwa jua la saa tisa alasiri. Akipandishwa mizani anaambiwa kilo 2 zimeondoka, kitambi kinayeyuka. Wengi wanaamini kwa sababu mizani inaonesha kweli. Wataalamu mnasemaje?

Fizio_wa_Pwani

Mizani haikudanganya. Aliyeisoma ndiye aliyekosea. Kilo 2 zile ni lita 2 za maji. Akishanywa na kula zinarudi, na asipozirudisha anaingia hatarini.

Jasho linapoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Likichuruzika na kudondoka bila kukauka, halijapoza kitu. Sisi tunaishi kwenye unyevu mwingi, na kipindi cha kaskazi, Disemba mpaka Machi, hewa imeshajaa maji hata kabla hujaanza kukimbia. Ukiongeza nailoni umeziba njia ya mwisho ya joto kutoka. Joto la ndani linapanda, moyo unakwenda mbio kupeleka damu kwenye ngozi, damu yenyewe imepungua maji. Mtu anaanza na kizunguzungu na kichefuchefu. Akianza kuyumba, kujibu maneno yasiyoeleweka au kuzimia, hiyo ni dharura: mpelekeni kivulini, mvueni nailoni na sweta, mmwagieni maji mwili mzima mfululizo huku mkimpepea, na gari ya hospitali iitwe wakati huohuo. Msingoje aamke kwanza. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Matumizi mazuri ya mizani ni haya: jipime kabla na baada ya zoezi bila nguo zilizolowa. Kila kilo iliyopungua irudishe kwa lita 1 na robo hadi 1 na nusu, kidogo kidogo ndani ya saa chache, pamoja na chakula chenye chumvi. Ukipungua zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako (kwa mtu wa kilo 75 ni kilo 1 na nusu), ulikunywa kidogo mno wakati wa zoezi au ulichagua saa mbaya. Kimbia baada ya alfajiri, au jioni jua likishalegea.

Kitambi sasa. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori zinazokaribia 7,700. Ukipunguza kalori 400 kwa siku, inakuchukua karibu siku 19 kuimaliza hiyo kilo moja. Kwa hiyo anayeahidi tumbo bapa kwa wiki mbili hajapiga hesabu. Kalori 400 zipo wapi? Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vitatu vidogo vya sukari kila kimoja ni gramu 48 za sukari, karibu kalori 190. Ukifanya chai iwe na kijiko kimoja, mchuzi utoe vijiko viwili vya mafuta, umeshapita 350, na wali haujaguswa. Ongeza kutembea kwa kasi dakika 40 na umefika.

Pima kiuno kwa utepe wa fundi, usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki. Utepe huo una habari nyingi kuliko mizani ya kila siku.

Nondo25

Nikazie hapo: sitapu 200 kwa siku hazikati mafuta ya tumbo. Mwili ukihitaji nishati unachukua mafuta kutoka kote kwa mpangilio wake, mwengine linaanza kupungua shavu, mwengine paja. Msuli wa tumbo unakua chini ya mafuta na huko nje hakionekani kitu, mtu anakata tamaa. Sitapu hizo pia zinakunja kiuno mara 200. Badala yake kaa kwenye ubao (viwiko na vidole vya mguu chini, mwili umenyooka) sekunde 20 hadi 40, mara 3, halafu nguvu yako ipeleke kwenye skwati na kuvuta.

Mkongwe_wa_Maisara

Vijana, nimesoma vizuri yote, naona mizani imelalia upande mmoja. Walimu wengi wa jimu zetu wanafundisha kwa malipo madogo, wametoka kwenye mpira au utunishaji misuli, na wanarudia walichoambiwa wao. Nia yao si mbaya. Na zipo kauli zinazouma ambazo ni za haki.

Mwalimu akikwambia "shusha uzito" wakati mgongo wako unapinda kwenye dedilifti, mtii. Akikwambia marudio yako ya skwati ni ya nusu, jipige picha ya video kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa nyonga, utazame. Nyonga ikibaki juu sana ya goti, amesema kweli. Akikuzuia kurudia kifua siku tatu mfululizo, ana hoja, msuli uliofanyishwa kazi sawasawa unataka saa 48 hivi. Akikukataza kupiga benchi (kulala chali ukasukuma chuma juu ya kifua) peke yako umefunga klipu, vile vibano vya kuzuia vyuma visitoke, pande zote mbili, huyo anakulinda roho yako: ukishindwa na chuma kikakulalia kifuani, bila klipu unaweza kukiinamisha upande mmoja vyuma vikamwagika, ukiwa umefunga huna pa kutokea.

Tofauti naipima hivi. Kauli inayosema jambo ulilolifanya ("umeinua kisigino") inafundisha. Kauli inayosema wewe ni nani ("nyinyi wanene mna uvivu") haina cha kurekebisha ndani yake. Ya kwanza ipokee hata kama imetolewa kwa ukali. Ya pili mjibu kwa upole, mkiwa wawili, pasiwe na watu: "Mwalimu, nimekuja kujifunza. Niambie kosa la zoezi, la mwili wangu naliona." Usimwaibishe mbele ya wanafunzi wake. Mtu mzima akimtahayarisha kijana hadharani, kijana atashikilia kosa lake mpaka kiama.

Fizio_wa_Pwani

Mzee wangu, shikamoo, nimekubali na nashukuru. Ila ipo kauli moja ambayo sitaipunguzia hata chembe: "Maumivu ndiyo dalili ya kufaidi, endelea."

Maumivu yana aina zake. Misuli kuuma siku ya pili na ya tatu baada ya zoezi jipya ni kawaida, huisha yenyewe. Maumivu ya kiungo wakati wa zoezi, yakiwa hayazidi 3 kwenye kipimo cha 0 mpaka 10, na asubuhi yake umerudi ulivyokuwa, unaweza kuendelea kwa kupunguza uzito au kina. Yakiwa makali kama kisu, goti likikwama au likilegea, au ganzi ikishuka mguuni, simama siku hiyo na utafute mtu wa tiba. Maumivu ya mgongo yanayokuja pamoja na ganzi sehemu za siri na makalio, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, usilale nayo hata usiku mmoja.

Hatari nyengine inatokana na adhabu. Mgeni wa siku ya kwanza anapigishwa skwati 300, au pushapu mpaka mikono haikunjuki, ili "aonje jimu". Misuli iliyoharibika kwa wingi inamwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu, na figo ndizo zinazobeba lawama. Ndani ya siku moja hadi tatu misuli inavimba na kukakamaa kupita kawaida, nguvu inapotea, mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mkojo ukifika rangi hiyo nenda hospitali, Mnazi Mmoja kwa wa Unguja, Abdalla Mzee kwa aliye karibu na Mkoani, useme waziwazi ulifanya zoezi gani na lini, ili wapime figo na kile kimeng'enya cha misuli kinachoitwa CK. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni kutuliza maumivu hayo, dawa hizo zinaziongezea figo mzigo. Wiki mbili za mwanzo seti 2 kwa kila zoezi zinatosha, na kila seti uiache ungali unaweza marudio matatu.

DakuSaaTisa

Na ile ya "bila protini ya kopo hupati mwili, unapoteza muda wako"? Inawafukuza vijana wasio na uwezo.

Anayenyanyua vyuma anatosheka na gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 ni gramu 112. Tuzitafute sokoni Darajani: mayai 3 yana 18. Glasi ya maziwa 8. Jodari mbichi gramu 150 ana 35. Kikombe cha kunde zilizopikwa 13. Dagaa wakavu gramu 40, karibu 24. Wali, boflo na chapati za siku nzima hazikosi 15. Jumla 113. Kopo linarahisisha kwa mwenye haraka, hakuna kilichomo humo ambacho samaki hana. Kreatini ndiyo pekee ninayoona ina maana kwa mwenye pesa ya ziada, gramu 3 hadi 5 kwa siku, saa yoyote, haihitaji kuanza na gramu 20 kwa siku.

Ramadhani nayo ina kauli yake: "Ukiacha mwezi mzima vyote vimepotea, kwa hiyo njoo saa nane mchana kama kawaida." Nguvu haipotei ukipunguza kazi kwa busara. Shusha idadi ya seti kwa nusu, uzito ubakishe uleule, siku mbili hadi tatu kwa wiki. Saa nzuri ni baada ya tarawehe, saa tatu na nusu usiku, umeshakula na kunywa. Anayependa kabla ya futari afanye mepesi, dakika 30, amalize magharibi ikiwa karibu. Maji lita 2 hadi 3 yagawe kutoka futari mpaka daku. Ukiyanywa yote daku yanaishia chooni kabla ya alfajiri kupambazuka vizuri.

BintiMwani

Kaka Fizio, tafadhali sema na lile la vidonge. Wasichana wembamba wanaambiwa "wewe hutonenepa kwa chakula", kisha wanapewa vidonge kwenye karatasi bila jina. Na wavulana sindano.

Fizio_wa_Pwani

Dada, hilo ndilo kubwa kuliko yote tuliyoyasema.

Dawa zinazotumika sana kunenepesha ni deksamethasoni na siproheptadini. Ya pili ni dawa ya mzio, inaongeza hamu ya kula na usingizi. Ya kwanza ni ya jamii ya kotizoni: inajaza uso maji na mafuta, inapandisha sukari na presha, inapunguza mifupa, na msuli wenyewe inaudhoofisha. Yaani kilo zinapanda huku kile alichokuja kukijenga kinabomoka. Aliyeitumia wiki kadhaa asiiache ghafla kwa kusoma uzi huu. Tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala, na kuacha kwa ghafla kunaweza kumwangusha presha na sukari mpaka azimie. Aende kwa daktari na vidonge vilivyobaki, apunguziwe kwa hatua.

Sindano za testosteroni na ndugu zake: mwili ukiona homoni inatoka nje, korodani zinapunguza kazi, mbegu zinapungua mpaka kwisha, na kurudi kwake huchukua miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka. Kijana anayetarajia kuoa ayajue haya kabla hajatoa mkono. Na sindano moja wakichangia wawili, kuna homa ya ini B na VVU.

Kopo au kidonge chochote kisicho na jina la dawa, kiwanda na tarehe ya mwisho, kikatae. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, ndio wenye jukumu la kuvifuatilia, wapelekee taarifa. Msichana mwembamba aongeze kalori 300 hadi 500 kwa siku: kiganja cha karanga, glasi ya maziwa, tende tano, tui kwenye mboga. Nusu kilo kwa wiki mbili ni mwendo mzuri.

Niunganishe wenye presha na kisukari, maana wao hufukuzwa mlangoni kwa "hapa si pahala pako". Presha iliyodhibitiwa hairuhusu tu mazoezi, inayataka. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi ukiwa umekaa, aanze kwa daktari. Chini ya hapo, na dawa anazitumia, achukue uzito anaoweza mara 12 hadi 15, atoe pumzi anaposukuma, asibane pumzi wala asifanye zoezi la kichwa chini. Walimu wengi wanatumia ile hesabu ya 220 toa umri kupanga mapigo ya moyo. Inapotoka kwa mapigo 10 au zaidi kwa watu wengi, na kwa anayemeza atenololi au propranololi haifai kabisa, dawa hizo zinashusha mapigo. Atumie mdomo wake: akiweza kusema sentensi nzima lakini hawezi kuimba, hapo ni kiasi cha kati.

Mwenye sindano ya insulini au vidonge kama glibenklamidi apime sukari kabla. Ikiwa chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L), ale tende tatu, angoje dakika 15, apime tena. Sukari ikae mfukoni, na mwalimu ajue ipo mfuko gani.

MtuWaChake

Allah akulipe. La mwisho kwa upande wangu: "Vyuma vya zege ni vya watoto, ukitaka mwili kalipie jimu ya Mjini." Huku tuna nondo na makopo ya rangi. Tunajuaje uzito?

Nondo25

Yakhe, msuli haujui kama ni zege au chuma cha Ulaya. Unajua uzito tu, na uzito unapimika.

Nondo: chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 25 ni 625 gawa 162, karibu kilo 3.86 kwa mita. Mita 2 zina kilo 7.7. Nondo ya 16 au 20 iacheni, inapinda mapema na kurukaruka mabegani. Hiyo ya 25 nayo msiipitishe kilo 60 jumla kwenye skwati.

Zege: uwiano 1 saruji, 2 mchanga, 3 kokoto ndogo. Lita moja inatoa karibu kilo 2.4, kwa hiyo kopo la lita 4 lililojaa ni kilo 9 na nusu hivi. Msitumie mchanga wa ufukweni, chumvi yake inakula chuma. Kabla ya kumimina simamisheni katikati ya kopo kipande cha bomba ambacho nondo inapita, ili vyuma viweze kuvuliwa na kuongezwa. Baada ya kumimina, funikeni gunia na kulilowesha siku 7, msiangushe chini kabla ya siku 28. Kisha kila kopo lipimwe kwenye mizani ya dukani na liandikwe namba kwa rangi. Makopo mawili hayatoki sawa hata siku moja. Tofauti ikizidi nusu kilo kati ya kushoto na kulia, ongezeni upande mwepesi mfuko wa mchanga uliopimwa.

MtuWaChake

Kopo lina upana wa sentimita 17 tu. Kwenye dedilifti nondo inakaa chini sana, watu wanapinda mgongo kuifuata.

Nondo25

Ndiyo, na hapo ndipo ile "dedilifti inavunja mgongo" inapopata mashahidi. Vyuma vya kawaida vina upana wa sentimita 45, kwa hiyo nondo inakaa sentimita 22 na nusu kutoka chini. Kwenu inakaa 8 na nusu. Mnahitaji kuinyanyua sentimita 14. Lazeni tofali la inchi 6 kila upande, hiyo ni sentimita 15, makopo yakae juu yake. Wekeni kipande cha mpira wa tairi juu ya tofali ili zege lisipasuke, na mzigo mshushe mpaka ukae, msiudondoshe.

Mwisho wa nondo kila upande fungeni mpira wa ndani wa beskeli, mizunguko sita ya kukaza, ndiyo klipu yenu. Kwenye benchi msiufunge, kwa sababu aliyoisema Mzee wa Maisara hapo juu.